Mchanga Laini wa Kansolo

Bushra alikuwa anakula udongo kama watoto wengine, na Raya hakuona ajabu. Mama gani hajawahi kumtoa mwanawe mchanga mdomoni? Alimfuta kwa ncha ya khanga, akampiga kikofi kidogo cha mkono, akarudi kwenye sufuria yake. Mchanga wa pale kwao ulikuwa wa kijivu, laini, ukiushika unateleza kwenye vidole kama sembe. Watoto waliupenda. Mafundi nao waliupenda, kwa sababu haukuhitaji kuchekechwa. Waliuchanganya na saruji hivyo hivyo, na plasta yake ilitoka nyororo kuliko ya mchanga wowote wa Mpanda.

Mtaa wenyewe ulikuwa mpya. Zamani palikuwa na kiwanda cha kuchenjua madini, kando kabisa ya mto Kansolo. Mwekezaji wa kwanza alikuja akaondoka, wa pili akaja naye akaondoka, na mitambo ikang'olewa kidogo kidogo ikauzwa chuma chakavu, hadi ikabaki misingi ya zege na vilima vya marudio, ule mchanga unaobaki jiwe likishasagwa na kutolewa dhahabu. Vilima hivyo vilikaa hapo miaka na miaka bila kuota jani. Kisha mji ukapanuka. Kampuni moja ya kupima viwanja ikalichukua eneo, ikaleta greda, vilima vikasawazishwa, na bikoni za mipaka zikapandwa. Mtu akipita baada ya mvua za kwanza aliona tambarare safi yenye mto pembeni, akaitamani.

Mikidadi, mume wa Raya, ndiye aliyewaleta wengi pale. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu wa maneno matamu na salamu ndefu, anayejulikana na kila anayenunua bati. Kampuni ilimwomba awe dalali wake, akakubali. Na ili watu wasiseme anauza asichokitaka mwenyewe, alijenga wa kwanza.

"Maji karibu, umeme karibu, lami karibu," aliwaambia wateja, mkono mmoja juu ya bega la mtu. "Mimi mwenyewe nimehamia na mke wangu na mtoto wangu. Sasa wewe unaogopa nini?"

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Specioza, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, aliyetoka Kasekese na mume wake Gabrieli na watoto watatu. Waliuza mpunga wa misimu mingi kupata kile kiwanja. Specioza na Raya hawakufanana kwa dini wala kwa kabila, lakini walishikana haraka. Specioza alikuwa na bustani ya mchicha na nyanya chini kule mtoni, na kila akipanda kutoka huko alimrushia Raya fungu la mboga juu ya ukuta bila hata kubisha.

"Mama Bushra! Dawa ya damu hiyo, mpikie mtoto!"

Na Raya alimpikia.

Ilianza na tumbo. Bushra, aliyekuwa akikimbia uani kutwa nzima, alianza kujikunja na kulia, halafu kwenda chooni kukawa vita. Hospitali ndogo ya jirani walisema minyoo, wakampa dawa. Alipoendelea walisema malaria, halafu yutiai, halafu taifodi. Kila ugonjwa ulikuwa na vidonge vyake, na kila vidonge vilipoisha mtoto alibaki vile vile, amepauka, shingo imekuwa nyembamba. Akaanza kuwa na hasira ambazo hakuwa nazo. Kisha akaanza kupoteza maneno. Hilo ndilo lililomwogopesha Raya kuliko tumbo. Mtoto alikuwa tayari anasema sentensi nzima, anamwita baba yake dukani kwa simu, anaimba nyimbo za redioni. Siku moja alinyoosha kidole kwenye kikombe cha maji na hakuweza kukitaja. Alifungua mdomo, akaufunga, akalia.

Wifi yake, Mwanaiddi, dada mkubwa wa Mikidadi, alishauri asomewe dua. Wakamleta mtu wa kusoma, akasoma kwa unyenyekevu, akampulizia maji, na alipomaliza akamwambia Raya pembeni, "Mama, kusoma tumesoma. Lakini huyu mtoto mpeleke hospitali kubwa. Usinisubiri mimi."

Kabla hawajampeleka, mtoto akaanguka. Ilikuwa alasiri, Raya anaanua nguo. Alisikia kitu kimegonga sakafu, akaingia akakuta macho yamegeuka meupe na mwili mzima unatikisika. Alipiga kelele, na Specioza ndiye aliyeruka ukuta, akamlaza mtoto ubavu, akamfungua nguo shingoni, akamtuma Gabrieli barabarani kutafuta bajaji. Specioza ndiye aliyempakata Bushra hadi hospitali ya mji, kwa sababu mikono ya Raya ilikuwa haishiki.

Daktari aliyewapokea aliitwa Respicius, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimpima Bushra kila kitu na hakupata kilichomridhisha. Kisha akavuta kiti, akakaa usawa wa Raya, akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mnaishi wapi? Mnapika na maji gani? Anakula udongo? Chini ya nyumba yenu kulikuwa na nini zamani? Raya alijibu yote. Alipotaja Kansolo, daktari aliacha kuandika.

"Pale kwenye kiwanda?"

"Ndiyo. Lakini kiwanda hakipo siku nyingi."

Daktari alichukua damu, akaituma Mwanza. Bushra alilazwa, degedege likatulia kwa dawa, wakaruhusiwa. Majibu yaliporudi waliitwa wote wawili, Raya na Mikidadi.

"Mama, baba, mtoto ana risasi kwenye damu. Nyingi sana."

Raya alimvua Bushra blauzi palepale. Akamwangalia mgongo, akamgeuza kifua, akampapasa mbavu. "Risasi? Nani kampiga mwanangu?"

Daktari hakucheka. "Siyo ya bunduki, mama. Risasi ni madini, kama hiyo iliyoko ndani ya betri ya gari. Kwenye mawe yaliyokuwa yanasagwa pale ilikuwemo. Dhahabu waliondoka nayo, hii wakaiacha kwenye mchanga. Mtoto akitia mkono mdomoni anaila, vumbi likiruka anaivuta. Mtu mzima anavumilia kidogo. Mtoto inamwingia mpaka kwenye ubongo."

"Basi mpe dawa," alisema Mikidadi.

"Dawa ya kuitoa hapa haipo. Nitawaandikia rufaa ya Dar. Ila dawa haina maana mkimrudisha pale pale. La kwanza ni kumtoa kwenye hiyo nyumba. Leo." Akamtazama mmoja, kisha mwingine. "Na majirani zenu wana watoto. Mimi nitaripoti, lakini taratibu zinakwenda polepole. Nyie waambieni."

Walihamia kwa Mwanaiddi, Makanyagio, siku hiyo hiyo, na magodoro juu ya toyo, ile pikipiki ya mizigo. Specioza aliwasaidia kufunga vyombo. Raya alifungua mdomo kumwambia, na Mikidadi, aliyekuwa nyuma yake na beseni, akasema haraka, "Mtoto anahitaji kuwa karibu na hospitali, shemeji. Ni kwa muda tu."

"Mungu awasaidie," alisema Specioza. "Nyumba nitawaangalizia."

Jioni ile Raya alimuuliza mumewe kwa nini.

"Tuseme nini?" alijibu Mikidadi. "Tukisema leo, kesho ile nyumba ni gofu. Hakuna atakayeigusa. Tutampelekaje mtoto Dar? Duka lenyewe unaliona. Acha niiuze kwanza. Tukishauza, tukishampeleka mtoto, tutasema."

"Tumuuzie nani?"

"Mtu yeyote."

"Na yeye watoto wake?"

Mikidadi aligeukia ukuta. Raya alijiambia kwamba ni kwa siku chache tu. Alijiambia kwamba daktari amesharipoti. Alikuwa na mtoto asiyeweza kutaja maji, na neno Dar lilikuwa kichwani mwake mchana na usiku, na kwa ajili ya neno hilo akanyamaza. Specioza alikuja kuwatazama mara kwa mara, na kila alipokuja alibeba mchicha. Raya aliupokea, akashukuru, na mgeni akishaondoka aliumwaga shimoni na kunawa mikono kwa sabuni. Siku moja Specioza alilalamika kwamba mwanawe wa kati, Didace, mwalimu anasema amekuwa mzito darasani, anasahau hata herufi alizokuwa anazijua. "Nimemchapa mpaka nimechoka," alisema. Raya aliinamisha kichwa juu ya kikombe cha chai.

Mteja alipatikana. Alikuwa Edgar, mfugaji kutoka Kasansa, mtu mpole wa maneno machache, aliyeamua kuuza sehemu ya ng'ombe wake ili watoto wasome mjini. Mikidadi alimtaka Raya awepo siku ya kuonyesha nyumba, afagie, atie uvumba, achemshe chai, nyumba ionekane ina watu.

"Na usilete sura ya msiba," alimwambia.

Edgar alikuja na mke wake, Doto, mwenye mimba iliyokwisha kushuka, na mtoto mdogo wa kike mgongoni. Wanaume walizunguka nyumba wakigonga kuta. Mikidadi alisifia plasta. Doto alimteremsha mtoto uani ili anyooshe mgongo, akakaa kwenye kizingiti akivua viatu.

"Pazuri, dada," alimwambia Raya. "Kwetu vumbi ni jekundu, linang'ang'ania nguo. Hili la kwenu halichafui hata."

Mtoto alichuchumaa. Akachota mchanga kwa kiganja, akautazama unavyoteleza, akacheka. Kisha akaupeleka mdomoni.

Raya hakujua ameruka vipi. Alikuwa ameshika birika, na birika likabaki linamwagika chini, naye ameshamnyanyua yule mtoto juu, amemtia kidole mdomoni anamchokoa ulimi. Mtoto akapiga yowe. Doto akainuka na tumbo lake.

"Dada, vipi? Umemfanyaje?"

"Msinunue," alisema Raya. "Huu mchanga una sumu. Ni wa kiwanda. Mwanangu ameula, hasemi tena. Mchukue mtoto wako, umnawishe, uondoke naye."

Wanaume walikuwa wamesimama kwenye kona ya nyumba. Edgar aliuangalia ukuta aliokuwa ameuwekea mkono, akautoa mkono, akaupangusa kwenye suruali. Akamgeukia Mikidadi. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa unajua?"

Mikidadi alianza kusema kwamba mke wake hayuko sawa tangu mtoto augue, kwamba madaktari wenyewe hawajathibitisha. Edgar hakungoja amalize. Alimchukua mwanawe, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Doto alisahau kandambili zake kizingitini na hakurudi kuzichukua.

Mikidadi hakumpiga Raya, ingawa alikaribia, mkono ulikwenda juu ukabaki hapo. "Umemuua mtoto kwa mdomo wako," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa Dar yake."

"Na wewe ulijua tangu lini?" Raya alimuuliza. Swali lilimtoka bila kulifikiria, na alipoona uso wa mumewe alijua kwamba amegusa kitu. "Mikidadi. Tangu lini?"

Mikidadi alimpa mgongo. Kisha akasema, akiangalia mto, "Greda lilipokuwa linasawazisha, kuna mapipa yaliibuka. Dereva aliumwa kichwa, akatapika. Wale wa kampuni wakasema ni mapipa ya mafuta tu, matupu, wakayafukia. Mimi siyo mkemia. Ningejuaje? Ningejua ningemleta mwanangu mwenyewe?"

Na hilo lilikuwa kweli, alimleta mwanawe mwenyewe.

Specioza alisikia yote. Ukuta ulikuwa wa kimo cha bega. Mikidadi alipoondoka na pikipiki, alizunguka kwa mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama nje ya kizingiti.

"Mama Bushra. Hicho ulichomwambia yule mwanamke wa Kasansa. Umekijua lini?"

"Dada Specioza..."

"Lini?"

"Majibu yalipotoka. Kabla hatujahama."

Specioza alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu moyoni. "Nimekufungia vyombo," alisema. "Nimekuja kwako na mboga. Nimekaa kwenye mkeka wako nikakuambia Didace hasomi, nimekuambia nampiga. Ukanyamaza." Alitema mate chini, pembeni, siyo mbele ya Raya, akaenda zake. Raya alibaki na ufagio mkononi.

Habari zilienea mtaani kabla ya jua kuzama. Mkutano uliitwa, maofisa wa serikali wakaja na koleo na mifuko ya nailoni, wakachota mchanga hapa na pale, wakachota na maji ya mto. Ofisi ya kampuni ya viwanja ilikutwa imefungwa, na simu zao hazikupatikana. Baada ya muda kibao kikawekwa njia panda kuzuia ujenzi mpya. Kuhusu waliokwisha kujenga, kibao hakikusema neno. Wenye ndugu mjini waliondoka. Wasio na ndugu, Specioza na Gabrieli wakiwamo, walimwaga zege uani, wakawakataza watoto kutoka nje, na upepo wa kiangazi ukapita juu ya kuta zao ukiwa umebeba vumbi lile lile waliloliziba chini. Mvua zilipokuja, maji ya kijivu yalitiririka kutoka viwanjani hadi mtoni, na mto ukayapeleka kwenye bustani za watu ambao hawajawahi kukanyaga Kansolo.

Mikidadi hakukaa kuyaona hayo. Watu walionunua viwanja kwake walikuja dukani mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine na marungu. Alifunga duka, akaenda Ikola kwa rafiki yake anayenunua dagaa, akasema atatuma chochote atakachopata. Wakati mwingine alituma. Akipiga simu alitaka kuongea na Bushra, na Raya alimwekea mtoto simu sikioni, na pande zote mbili hapakuwa na maneno.

Nauli ya Dar ilitoka kwa Mwanaiddi. Aliuza cherehani zake zote mbili, akampa Raya bila kumtazama usoni. "Siyo kwa ajili ya mdogo wangu," alisema. "Ni ya mtoto."

Asubuhi ya safari stesheni ilijaa kama kawaida, magunia, kuku, wanawake wenye ndoo za ugali wa njiani. Raya alikuwa ameketi juu ya begi na Bushra mapajani alipoona kivuli kirefu kimesimama mbele yake. Specioza alikuwa amevaa gauni la kanisani. Amemshika Didace mkono.

Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ile ya kizingitini.

"Daktari Respicius kaniandikia rufaa na mimi," alisema Specioza. "Hapa hawana kipimo. Dar siijui. Sina mtu kule."

Raya alisogea, akawapa nafasi juu ya begi. "Mimi nina shangazi Mbagala. Tutalala kwake."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Specioza aliketi. Njia nzima, Kaliua, Tabora, na ng'ambo yake, walizungumza yale tu yanayolazimu: shika mtoto, nipe maji, amka tumefika. Lakini Bushra alipopatwa na degedege kabla ya Dodoma, Specioza ndiye tena aliyemlaza ubavu, na Raya akamfunika Didace macho asione.

Hospitali ilimpokea Bushra, dawa zikaanza. Ilikuwa ni kuingiza dawa, kupumzika, kupima damu, kuanza upya. Kiwango kilishuka. Mtoto akaanza kula, mashavu yakarudi kidogo, na siku moja akasema "maji," wazi kabisa, akinyoosha kidole. Raya alilia hadi muuguzi akaja kumtuliza. Lakini daktari bingwa alimkalisha chini akamweleza bila kuzunguka: kilichomo kwenye damu wanaweza kukipunguza, kilichokwisha kuharibika kichwani hawawezi kukiahidi. Atajifunza, ila polepole kuliko wenzake. Huenda maisha yote.

Majibu ya Didace yalitoka siku iliyofuata. Specioza alimwomba Raya waingie pamoja, kwa sababu alisema Kiswahili cha madaktari wa Dar kinamchanganya, ingawa wote wawili walijua siyo hivyo. Daktari alisoma kiwango, akarudia. Kilikuwa kikubwa kuliko kile alichokuja nacho Bushra.

"Lakini huyu hajaanguka," alisema Specioza. "Huyu anatembea, anacheza mpira. Ni uzito wa darasani tu."

"Ndivyo inavyokuwa kwa wengine, mama. Inakula taratibu, bila kelele." Daktari alipekua karatasi. "Ana ndugu?"

"Wawili. Mkubwa wake wa kike, na mdogo. Mdogo anatambaa."

"Wako wapi?"

Specioza aliinuka. Alitoa simu kwenye mfuko wa gauni, akabonyeza, akakosea, akampa Raya. Raya alitafuta jina la Gabrieli, akapiga, akaweka sauti ya nje. Iliita sana kabla ya kupokelewa. Nyuma ya sauti ya Gabrieli walisikia mtoto anacheka na kugonga sufuria.

"Baba Didace," alisema Specioza. "Watoe watoto kwenye hiyo nyumba. Sasa hivi. Usingoje nirudi, usibebe kitu."

Mtoto aliendelea kugonga sufuria.

"Nimesikia," alisema Gabrieli. "Niwapeleke wapi?"

Specioza alimtazama Raya. Raya alikuwa ameshaivuta simu karibu na mdomo wake. "Shemeji, ni mimi, mama Bushra. Wapeleke Makanyagio kwa wifi yangu Mwanaiddi. Ana chumba kimoja na tumo wengi. Wapeleke hivyo hivyo, nitampigia sasa hivi."

"Na watoto wa nyumba ya tatu?" aliuliza Gabrieli. "Na wale wa kona? Wanne wale. Nao niwapeleke huko?"

Simu ilikatika, salio limekwisha, na daktari akatoa yake mfukoni akawasogezea mezani.